Kabla ya kununua kasha jipya la tarakilishi, fungua kwanza lile la zamani

MWEZI wa Juni haumpi usingizi mwenye duka la saiba mjini Kitale, wala mwenzake wa Bungoma. Wateja humiminika wakitaka kuwasilisha taarifa zao za ushuru kwa Mamlaka ya Ushuru Nchini (KRA) kabla ya makataa ya Juni 30, na kila tarakilishi inayozimika wakati huo ni mapato yanayovuka barabara na kuingia katika duka la jirani.

Katika msimu wa aina hiyo kasoro ndogo huwa kubwa. Kitufe cha kuwashia mashine kimetumbukia ndani. Ubavu wa kasha umepinda tangu mashine iliposafirishwa juu ya matatu. Panya amepenya kupitia tundu la nyuma na kutandika kiota chake juu ya nyaya. Wazo la kwanza linalomjia mwenye mali ni kununua kasha jipya la bei nafuu, kuhamishia humo vyombo vya ndani, na kuendelea na kazi.

Wazo hilo ni jema kwa tarakilishi iliyounganishwa na fundi kutokana na vipuri vya sokoni. Lakini tarakilishi nyingi zinazotumika katika maduka, shule na ofisi ndogo za Trans Nzoia na Bungoma hazikuundwa hivyo. Ni mashine za Dell, HP na Lenovo zilizotoka kiwandani zikiwa kamili, zikatumika kwa miaka kadhaa katika kampuni za Ulaya na Marekani, kisha zikauzwa tena huku kama mitumba. Kwa mashine hizo, kasha si nguo inayovuliwa na kuvaliwa nyingine. Ni sehemu ya mwili wenyewe.

Hata jina huchangia mkanganyiko. Wengi huliita sanduku zima "sipiyu", ilhali jina hilo ni la prosesa, kijipande kidogo kinachofanya hesabu zote na kinachoweza kulala juu ya kiganja. Anayeingia dukani na kuomba "kasha la sipiyu" hupewa kasha lolote lililopo, na muuzaji hana kosa.

Kipimo kilichowekwa 1995

Makasha yanayouzwa peke yake hufuata utaratibu uitwao ATX, uliobuniwa na kampuni ya Intel mnamo 1995. Utaratibu huo unaeleza ukubwa wa ubao mkuu ambao mafundi huuita mazabodi, mahali yalipo matundu ya skrubu, umbo la pawa saplai na upande zinakotokea soketi za nyuma. Mazabodi kamili ya ATX ina urefu wa milimita 305 na upana wa milimita 244. Ndogo yake, maikro-ATX, ni mraba wa milimita 244 kila upande, na hukaa bila tatizo ndani ya kasha la ATX kwa kuwa baadhi ya matundu ya skrubu ni yale yale.

Hivyo basi, chombo cha kwanza anachohitaji mnunuzi ni rula ya mwanafunzi. Afungue mashine yake, apime mazabodi kwa urefu na upana, ahesabu matundu ya skrubu na kuchora mahali yalipo. Ikiwa ubao ni mraba wa milimita 244 au unakaribia hapo, na soketi za nyuma zimepangwa katika mstatili mmoja, kuna matumaini. Ikiwa umekatwa pembe, au una umbo refu lisilo la kawaida kama ilivyo katika mashine nyembamba zinazolazwa chini ya kiwambo, safari imeishia hapo.

Kuna mtego mwingine wa zamani. Mnamo 2004 Intel ilileta utaratibu mpya ulioitwa BTX, uliohamisha mazabodi hadi ubavu wa pili wa kasha ili hewa ipite vyema. Haukupendwa, na kufikia 2006 Intel ilikuwa imeuacha, lakini Dell ilikuwa imeshautumia katika mashine nyingi za ofisi. Mwenye OptiPlex ya miaka hiyo hawezi kuihamishia katika kasha la ATX hata akilia.

Umeme ndio kikwazo kikuu

Tuseme mazabodi imekubali kukaa. Kinachofuata ni pawa saplai, lile sanduku dogo la chuma linalopokea umeme wa ukutani wa volti 240 na kuugeuza kuwa volti ndogo zinazotumiwa na vyombo vya ndani. Hapa ndipo fedha nyingi hupotea.

Pawa saplai ya kawaida ya ATX humaliziwa na plagi ya pini 24, na hutoa volti 3.3, volti 5 na volti 12. Kuanzia takriban 2013, kampuni kubwa zilianza kufuata njia zao. Dell OptiPlex 3020, 7020 na 9020 hutumia plagi ya pini 8. HP EliteDesk 800 G1 hutumia ya pini 6. Lenovo ThinkCentre M93p hutumia ya pini 14. Modeli hizo ni miongoni mwa zile zinazopatikana kwa wingi katika soko la mitumba.

Tofauti hiyo si ya umbo la plagi pekee. Mashine hizo hutaka volti 12 tu kutoka kwa pawa saplai, kisha mazabodi yenyewe hutengeneza volti 5 na nyinginezo. Ndiyo maana diski katika mashine hizo hupata umeme kutoka kwenye mazabodi, kupitia waya mdogo ambao fundi mwenye haraka huutupa pamoja na kasha kuu kuu. Waya huo ukipotea, kuupata mwingine mjini Kitale ni kazi ya siku kadhaa.

Zipo nyaya za kuunganishia, zenye pini 24 upande mmoja na pini 8, 6 au 14 upande wa pili. Zinafanya kazi, mradi ziwe za modeli husika. Ni hatari kuzichagua kwa kutazama umbo tu. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Dell iliuza mashine zenye plagi iliyofanana kabisa na ya ATX, lakini nyaya zake zilikuwa zimepangwa kwa utaratibu tofauti. Pawa saplai ya kawaida ilipochomekwa humo, iliingia vizuri, na umeme ulipowashwa mashine iliungua.

Kwa hiyo hesabu ya kasha si ya kasha pekee. Mnunuzi aongeze waya wa kuunganishia, nauli ya kwenda Eldoret au gharama ya kuagizia mzigo kutoka Barabara ya Luthuli jijini Nairobi, ujira wa fundi, na siku ambazo mashine haitaingiza chochote. Mara nyingi jumla hiyo hukaribia bei ya mashine nyingine ya mitumba iliyo kamili.

Wati mia tano za karatasi

Makasha mengi ya bei ya chini huuzwa yakiwa na pawa saplai ndani, na kibandiko chake hutangaza wati 450 au 500. Mnunuzi hufurahi, kwa kuwa mashine yake ya zamani iliandikwa wati 255 tu. Furaha hiyo ifungwe breki kidogo.

Kwenye ubavu wa kila pawa saplai kuna jedwali. Mtu atafute mstari wa volti 12 na asome ampea zake. Tuseme zimeandikwa 16. Mara 12 kwa 16 ni 192. Hizo ndizo wati zinazoweza kufika kwenye prosesa na feni, wala si 500. OptiPlex 9020 nyembamba ilitoka kiwandani na pawa saplai ya wati 255, na kwa kuwa karibu nguvu zote ziko kwenye volti 12, sanduku hilo dogo humshinda jirani yake anayejigamba.

Tarakilishi ya ofisi haihitaji makuu. Prosesa ya Core i5 ya kizazi cha nne imekadiriwa wati 84. Diski, kumbukumbu na feni huongeza kidogo. Anayehitaji zaidi ni yule anayetaka kuweka kadi ya picha, mathalani mwenye studio ya kuhariri video za harusi. Kadi isiyo na plagi yake ya umeme huweza kunyonya hadi wati 75 kupitia mazabodi, na katika kasha jembamba hukubalika kadi fupi pekee.

Uzito nao husema kweli. Pawa saplai hafifu ni nyepesi mkononi kwa sababu vipande vya kuchujia umeme vimepunguzwa au kuachwa kabisa. Katika miji ambayo umeme hukatika na kurejea kwa kishindo, hasa wakati wa mvua na radi, vipande hivyo ndivyo vinavyosimama kati ya laini ya umeme na mazabodi. Pawa saplai ya aina hiyo ikifa peke yake, mwenyewe amepona. Kwa kawaida huondoka na wenzake.

Jambo jingine dogo ni swichi nyekundu iliyo nyuma ya baadhi ya pawa saplai, yenye maandishi 115 na 230. Kwa umeme wa Kenya sharti iwe kwenye 230. Ikiachwa kwenye 115, mashine hulipuka papo hapo inapochomekwa. Wanaonunua mashine zilizotoka Marekani watazame hapo kabla ya kutazama pengine popote.

Kitufe na ukuta wa nyuma

Vikwazo viwili vilivyosalia haviui mashine, ila huchosha. Katika kasha la kawaida, kitufe cha kuwashia na taa za mbele huunganishwa kwa nyaya ndogo ndogo zinazochomekwa moja moja. Dell na HP huziweka nyaya hizo katika plagi yao wenyewe, iliyopangwa kwa njia yao. Fundi stadi ataweza kuzitafuta pini mbili za kuwashia na kuziunganisha na kitufe kipya. Hata hivyo, mashine ikiamka na kukosa waya wa soketi za mbele au feni iliyoizoea, baadhi ya modeli husimama, huonyesha onyo na kusubiri mtu abonyeze kitufe cha F1.

Kwa mtu mwenye tarakilishi moja nyumbani huo ni usumbufu mdogo. Kwa mwalimu wa maabara yenye mashine 20, umeme unaokatika mara tatu kwa siku, ni adhabu.

Ukuta wa nyuma ni jambo la bati. Mazabodi ya sokoni huja na kipande chembamba cha chuma kinachozunguka soketi zake. Katika mashine nyingi za kampuni hizo, kipande hicho kimekatwa moja kwa moja katika ukuta wa kasha, hakitoki. Mashine ikihamishwa, kasha jipya hubaki na dirisha wazi nyuma. Panya aliyefukuzwa kwenye kasha la kwanza hukaribishwa katika la pili kupitia mlango mpana zaidi. Katika baadhi ya modeli pia, feni ya prosesa hufungwa kwa skrubu zinazopita mazabodi na kushika kwenye bati la kasha lenyewe, hivyo ikihamishwa hukosa pa kushika.

Bura yangu siibadili na rehani

Kabla ya kutoa hela, afadhali mwenye mashine ajiulize ni nini hasa kimeharibika. Malalamiko mengi dhidi ya kasha si ya kasha.

Kama tatizo ni joto, huenda dawa ni brashi. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na huko hewa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu moja ya tano. Feni inayozunguka kwa kasi ile ile husukuma hewa kidogo zaidi. Baridi ya Kitale hufidia upungufu huo, lakini msimu wa kuvuna na kupura mahindi huja na vumbi linaloziba mapezi ya chuma yaliyo juu ya prosesa hadi yakawa kama blanketi. Bungoma, iliyo kwenye mita 1,400 hivi, ina joto zaidi. Kuzima mashine, kuichomoa, kupuliza vumbi huku feni imeshikwa isizunguke, na kupaka upya dawa nyeupe ya kupitisha joto kati ya prosesa na chuma chake, ni kazi isiyofika saa moja.

Kama tatizo ni kitufe, ikumbukwe kuwa kitufe hicho hakibebi umeme mkubwa. Hugusanisha tu pini mbili kwa nukta moja. Kitufe cha kengele ya mlangoni, kile kinachorudi chenyewe kikiachwa, hufanya kazi hiyo kwa miaka mingi kikitobolewa tundu kwenye uso wa kasha. Hakipendezi. Lakini mteja anayesubiri kuchapisha cheti hatakiona.

Na kama bati limepinda au kutoboka, mafundi wa jua kali wanaotengeneza majiko na masanduku ya wanafunzi wanajua kunyoosha na kukata bati kuliko muuzaji yeyote wa tarakilishi. Sharti ni moja: apelekewe kasha tupu. Vumbi la chuma likibaki ndani na kuangukia mazabodi, litaunganisha nyaya zisizopaswa kukutana.

Kasha la marehemu

Ikiwa kasha limeharibika kabisa, kwa moto au kwa kuangukiwa, mbadala bora wa bei nafuu haumo dukani. Umo katika chumba cha nyuma cha fundi, au stoo ya shule, ndani ya mashine iliyokufa ya modeli ile ile. OptiPlex 7020 ya mnara huingia katika kasha la OptiPlex 7020 ya mnara kwa skrubu zile zile, kitufe kile kile, pawa saplai ile ile, na ukuta wa nyuma usio na dirisha.

Shule nyingi nchini zilipata tarakilishi zilizotumika, baadhi kupitia shirika la Computer for Schools Kenya lililoanzishwa 2002, na kwa kuwa mashine za aina hiyo hutolewa kwa mafungu ya modeli moja, zinapokufa huacha miili inayofanana. Anayetafuta asome jina kamili na ukubwa: mnara na mwembamba wa modeli moja si kitu kimoja. Apige picha ya kibandiko na ya mazabodi, aonyeshe picha hizo kwa mafundi wa Kitale, na kama hakuna, apande gari kupitia Kiminini, Kamukuywa na Webuye hadi Bungoma, ambako Chuo Kikuu cha Kibabii na vyuo vingine vimeleta wanafunzi wengi, na pamoja nao tarakilishi nyingi.

Wale ambao mazabodi yao imepimwa na kupatikana kuwa ya maikro-ATX yenye plagi ya pini 24 wanaweza kununua kasha la dukani bila hofu. Wabonyeze ubavu wake kwa kidole: likibonyea kama kopo la kasuku, waliache. Wapitishe kidole polepole kwenye kingo za ndani, kwa kuwa makasha rahisi hukata kama wembe. Nafasi za kadi za nyuma ziwe na vifuniko vya skrubu, si vile vya kuvunjwa ambavyo vikishatoka havirudi. Mbele kuwe na nafasi ya feni na kichujio kinachotoka na kuoshwa. Vioo na taa za rangi waviachie vijana wa michezo ya video. Kioo hakijazoea barabara za mashambani.

Na wakishamaliza, wachomeke mashine kwenye soketi yenye waya wa ardhi. Kasha ni chuma, na pale ambapo nyumba haina waya huo, au ambapo waya wa kurefushia una pini mbili pekee, mtu aliye pekupeku kwenye sakafu ya saruji huhisi mchonyoto akiligusa. Kubadilisha kasha hakuondoi mchonyoto huo.

Mashine isiyostahili kasha

Ipo hesabu ya mwisho. Kampuni ya Microsoft ilisitisha huduma za kawaida za usalama kwa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, na Windows 11 rasmi inataka prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane. OptiPlex 9020 na wenzake wa 2013 wako nje ya orodha hiyo. Zinaweza kuendelea na kazi kwa mfumo wa Linux, na kwa kuandika barua au kufungua tovuti za serikali hazina neno. Ila mtu asiyetaka Linux hana sababu ya kuivalisha mashine hiyo koti jipya. Fedha za kasha, pawa saplai na waya wa kuunganishia aziweke akiba ya mashine ya kizazi cha nane.

Kasha linaloachwa lina soko lake. Bati huchukuliwa na wanunuzi wa vyuma chakavu. Mazabodi na pawa saplai hazifai kuchomwa wala kutupwa shimoni, kwani zina risasi na kemikali nyingine za sumu. Mamlaka ya Mazingira (NEMA) ilitoa mwongozo kuhusu taka za kielektroniki mnamo 2010, na jijini Nairobi kipo kituo cha WEEE Centre kinachozipokea na kuzitenganisha.

Diski ndiyo isiyofaa kuondoka na kasha. Katika duka la saiba, humo mna nakala za vitambulisho, nambari za KRA na nywila zilizohifadhiwa na wateja wa miaka kadhaa, na tangu 2019 Kenya ina Sheria ya Kulinda Data inayomwajibisha anayezihifadhi. Skrubu zake ni nne, na mara nyingi bisibisi iliyofungulia kasha ndiyo inayozifungua.